Kisu, Kitanda na Mwendo: Historia ya Diski Iliyochomoza

Mwaka 1862 Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua mjini Luxor, Misri, hati ya mafunjo iliyonakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka katika maandishi ya kale zaidi. Hati hiyo ina visa 48 vya majeraha, vimepangwa kuanzia kichwani kushuka chini. Kisa cha mwisho kinamhusu mtu aliyeteguka pingili ya uti wa mgongo. Tabibu anaelekezwa amwambie mgonjwa anyooshe miguu yote miwili kisha aikunje. Mgonjwa akiinyoosha, ataikunja papo hapo kwa maumivu ya mgongo. Tabibu atatamka kwamba ugonjwa huu anaumudu, atamlaza mgonjwa chali, kisha… hapo mwandishi aliacha. Sentensi imekatika, na nafasi iliyobaki ya upande huo wa hati haina kitu.

Akishalazwa chali, afanywe nini? Matabibu walihangaika na swali hilo kwa maelfu ya miaka, na karne ya 20 ililijibu kwa kisu, kisha kwa kitanda, kabla ya kukubali kumwinua mgonjwa atembee.

Kinachouma

Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa kwenye zile mbili za juu kabisa, kuna diski. Ukingo wa diski ni tabaka juu ya tabaka za nyuzi ngumu zinazopishana, kama ukili uliosukwa, na katikati yake kuna ute mzito wenye maji mengi. Ute huo ndio unaopokea uzito wa mwili na kuusambaza. Kadiri umri unavyosonga maji hupungua, nyuzi hupata nyufa, na siku nyingine ute husukuma ukingo hadi ukachomoza, au ukapasua na kutoka nje.

Nyuma ya diski ndiko inakopita mishipa ya fahamu. Diski za kiunoni, hasa mbili za chini kabisa, ndizo hubeba mzigo mkubwa, na ndizo huchomoza mara nyingi zaidi. Mshipa wa fahamu ukibanwa, na ukiwashwa na kemikali zinazotoka kwenye ute ule, maumivu hayabaki mgongoni. Hushuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja na kwenye shavu la mguu mpaka wayo, yakifuatana na ganzi au udhaifu wa misuli. Hiyo ndiyo sayatika.

Maumivu ya namna hiyo yalijulikana zamani sana, ila chanzo chake hakikujulikana. Katika maandishi ya shule ya Hippocrates, Ugiriki ya karne ya 5 kabla ya Kristo, kuna maelezo ya kumvuta mgonjwa juu ya ubao kwa kamba, na ya kumfunga kwenye ngazi kisha kuiangusha kutoka juu ili kunyoosha mgongo uliopinda. Mwandishi wa maelezo hayo mwenyewe aliwabeza waliopenda ngazi, akisema wanatafuta kuushangaza umati kuliko kumponya mtu. Mwaka 1764 Domenico Cotugno, tabibu wa Naples, alichapisha kitabu kizima juu ya sayatika, akitenganisha maumivu yanayotoka kwenye mshipa wa fahamu na yale ya kiungo cha nyonga. Ilikuwa hatua kubwa, ingawa yeye alidhani kosa ni la majimaji yanayouzunguka mshipa.

Mwaka 1880 Laza Lazarević, daktari wa Serbia ambaye wananchi wenzake wanamkumbuka zaidi kwa hadithi fupi alizoandika, alieleza kipimo ambacho bado kinatumika katika kila kliniki ya mgongo: mgonjwa analala chali, daktari anauinua mguu ukiwa umenyooka, na maumivu yakishuka mguuni, mshipa una shida. Lazarević alieleza sababu yake sawasawa: mshipa unavutwa. Lakini aliandika kwa Kiserbia. Mwaka uliofuata, jijini Paris, J. J. Forst alikieleza kipimo hicho hicho na kukihusisha na mwalimu wake, Charles Lasègue. Mpaka leo wengi hukiita kipimo cha Lasègue.

Uvimbe ambao haukuwa uvimbe

Waliochunguza maiti waliiona diski iliyopasuka kabla ya waliotibu wazima. Rudolf Virchow aliieleza nchini Ujerumani mwaka 1857. Mwaka 1911 George Middleton na John Teacher wa Glasgow waliandika habari za mfanyakazi aliyekuwa akiinua bamba zito la chuma. Alisikia kitu kikialika mgongoni, miguu ikapooza, na siku 16 baadaye akafa. Walipoufungua mgongo wake walikuta kipande cha diski kimesukumwa nyuma na kuukandamiza uti wa fahamu.

Madaktari wa upasuaji nao walikuwa wamekishika kitu hicho kwa mikono yao bila kukijua. Fedor Krause alimpasua mgonjwa jijini Berlin mwaka 1908, akatoa kipande cha gegedu, mgonjwa akapona. Krause na mwenzake Hermann Oppenheim walikiandika kuwa ni uvimbe wa gegedu. Walter Dandy wa Baltimore alikaribia sana ukweli mwaka 1929 aliporipoti wagonjwa wawili waliokutwa na gegedu lililokatika kutoka kwenye diski, lakini ripoti yake haikuvuma.

Wakati huo huo, mjini Dresden, Georg Schmorl alikuwa akikusanya mamia kwa maelfu ya migongo ya marehemu, akiikata na kuichora pingili kwa pingili. Kazi hiyo ndiyo iliyomuua: alijikata kidole akipasua mgongo, jeraha likaingia wadudu, akafariki mwaka 1932. Alikuwa ameacha elimu ya diski ambayo hakuna aliyekuwa nayo kabla yake.

Mwaka huo huo wa 1932, katika hospitali ya Massachusetts General jijini Boston, daktari wa mifupa Joseph Barr alikuwa na kijana aliyeumia mgongo akiteleza kwenye theluji na ambaye maumivu ya mguu hayakumwachia hata baada ya kupumzishwa kwa muda mrefu. Barr alimpeleka kwa William Jason Mixter, bingwa wa kupasua ubongo na uti wa mgongo. Mixter alipasua na kutoa kilichoonekana kuwa uvimbe. Barr, aliyekuwa ameisoma kazi ya Schmorl, alikitilia shaka kipande kile. Kilipolinganishwa na nyama ya diski ya kawaida chini ya darubini, vilifanana. Wawili hao wakarudi kwenye kabati za hospitali, wakatoa vipande vya zamani vilivyoandikwa kuwa uvimbe wa gegedu, na wakakuta kwamba vingi vilikuwa diski zilizopasuka.

Tarehe 2 Agosti 1934 walichapisha matokeo ya wagonjwa 19 katika jarida la tiba la New England. Waliandika kwamba ugonjwa huu si nadra, kwamba wengi walioambiwa wana uvimbe hawakuwa nao, na kwamba tiba yake ni upasuaji. Mambo mawili ya kwanza yamesimama mpaka leo. La tatu ndilo lililoleta kizaazaa.

Enzi ya kisu

Ugunduzi wa kweli huweza kutumiwa kupita kiasi. Katika miaka ya 1940 na 1950 diski ikawa mshitakiwa wa kila mgongo unaouma. Madaktari walipasua watu wenye maumivu ya mgongo tu, bila dalili zozote mguuni, na wengi wao waliamka na maumivu yale yale pamoja na kovu.

Aliyepitia enzi hiyo yote mwilini mwake ni John F. Kennedy. Mwaka 1944, akiwa ofisa wa jeshi la majini, alipasuliwa diski jijini Boston, na madaktari hawakukuta diski iliyochomoza kama walivyotarajia. Hakupata nafuu. Oktoba 1954, akiwa seneta, alipasuliwa tena jijini New York na kuunganishwa pingili kwa bamba la chuma. Usaha uliingia, akazidiwa hadi padri akaitwa kumpa sakramenti ya wagonjwa mahututi. Februari 1955 bamba likaondolewa. Alipoingia Ikulu ya Marekani kama rais mwaka 1961 alikuwa akidungwa ganzi mgongoni mara kwa mara na kutegemea magongo faraghani.

Oktoba mwaka huo aliitwa Hans Kraus, daktari mzaliwa wa Trieste na mpanda milima, aliyehama Vienna mwaka 1938. Katika miaka ya 1950 Kraus na Bonnie Prudden waliwapima watoto wa Marekani nguvu na wepesi wa misuli, wakaonesha wako nyuma ya wa Ulaya. Taarifa hiyo ilimshtua Rais Eisenhower, akaunda baraza la afya ya vijana mwaka 1956. Kraus alimpima Kennedy na kuikuta misuli yake imekakamaa na kudhoofu. Akamwekea ratiba ya mazoezi mara tatu kwa wiki katika ukumbi mdogo wa Ikulu: kulegeza misuli kwanza, kuinyoosha, kisha kuijenga polepole. Baadaye rais aliweza kuwabeba wanawe na kurudi kwenye gofu. Kisa cha mtu mmoja hakithibitishi tiba, na Kennedy aliendelea kuvaa mkanda wa mgongo hadi siku alipouawa. Hata hivyo upasuaji ulikuwa umemwongezea mateso, na miongoni mwa yote aliyojaribiwa, mazoezi ndiyo yaliyompa nafuu iliyoonekana.

Utomvu wa papai

Wengine walitafuta njia ya katikati, na hapo Afrika Mashariki inaingia kwa mlango wa shamba. Mpishi wa pwani anajua kwamba papai bichi hulainisha nyama ngumu. Kinachofanya kazi hiyo ni vimeng'enya vilivyo katika utomvu wake, na katikati ya karne iliyopita Kongo, Uganda na Tanganyika zilikuwa miongoni mwa nchi zilizogema utomvu wa papai, kuukausha na kuuuza ng'ambo.

Mwaka 1956 Lewis Thomas, mtafiti wa Marekani, aliwadunga sungura kimeng'enya cha papai, na masikio yao yaliyosimama yakalala kama vitambaa. Gegedu lilikuwa limelegea, na baada ya siku chache likasimama tena. Lyman Smith, daktari wa mifupa wa Illinois, akajiuliza: kama papai hulegeza gegedu la sikio, haliwezi kuyeyusha ute wa diski? Mwaka 1963 alianza kuwadunga wagonjwa dawa ya kimeng'enya cha papai, kimopapeini, ndani ya diski. Marekani iliiidhinisha mwaka 1982, na kwa wengi ilisaidia. Lakini wachache miili yao iliikataa ghafla kwa mzio mkali, na wengine walipooza pale ilipofika isipotakiwa. Uuzaji wake nchini humo ulikoma mwaka 2003.

Enzi ya kitanda

Ambaye hakupasuliwa aliambiwa alale. Wiki mbili, wiki sita, juu ya ubao au godoro gumu. Ushauri huo ulionekana kupata nguvu kutoka maabara ya Alf Nachemson, mjini Göteborg, Sweden, ambaye katika miaka ya 1960 aliingiza sindano zenye vipimo ndani ya diski za watu walio hai. Presha ya kusimama ikihesabiwa kuwa 100, kulala chali ilishuka hadi 25, na kukaa ilipanda hadi 140. Kwa wengi hesabu hiyo ilimaanisha kwamba mwenye diski mbovu ni bora alale. Vipimo vilivyorudiwa nchini Ujerumani na kuchapishwa mwaka 1999 havikukuta kwamba kukaa kunaizidi presha ya kusimama. Na hata pale hesabu ilipokuwa sahihi, kuipunguzia diski presha ni jambo moja, na kumponya mtu ni jambo jingine. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu inayoingia ndani yake. Chakula na oksijeni huifikia kwa kupenya kutoka kwenye mifupa ya jirani. Mtu anayelala wiki nyingi haiponyi haraka zaidi, na misuli inayoushika mgongo wake hunywea.

Aliyeuyumbisha ukuta wa kisu ni Henrik Weber wa Oslo. Mwaka 1983 alichapisha matokeo ya wagonjwa 126 wenye diski zilizochomoza ambao haikuwa wazi kama wanahitaji upasuaji. Nani apasuliwe na nani asipasuliwe kuliamuliwa kwa bahati nasibu, kisha akawafuatilia kwa miaka 10. Baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa na hali bora. Baada ya miaka minne tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kutohesabika, na katika miaka iliyofuata haikurudi.

Ukuta wa kitanda ulianguka baadaye kidogo. Mwaka 1999 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walichapisha majaribio ya wagonjwa 183 wa sayatika: nusu waliagizwa kulala wiki mbili, nusu waliambiwa waendelee na shughuli kadiri wanavyoweza. Kufikia wiki ya 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kulala hakukuongeza chochote.

Picha zilizowatisha watu wazima

Katikati ya mabadiliko hayo ilikuja mashine ya MRI, iliyoionesha diski bila kumchoma mtu sindano. Wengi walitarajia itamaliza ubishi. Mwaka 1994 Maureen Jensen na wenzake waliwapiga picha watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Ni asilimia 36 tu waliokuwa na diski zote za kawaida. Zaidi ya nusu walikuwa na diski iliyotuna, na asilimia 27 walikuwa na iliyochomoza hasa. Watu hawa walikuwa wakitembea, wakifanya kazi na kulala usingizi wao bila habari.

Kwa hiyo karatasi inayosema diski imechomoza haitoshi peke yake kueleza kwa nini mtu anaumwa. Picha huwa na maana pale inapolingana na mguu unaouma na mshipa unaohusika.

Mashine hizo hizo zilileta habari njema pia. Waliopigwa picha mara ya pili, miezi kadhaa baadaye, mara nyingi walikutwa diski imepungua. Mwili hukiona kipande kilichotoka kuwa kitu kigeni, huotesha mishipa midogo ya damu kukizunguka na kutuma chembe za kinga kukila. La kushangaza ni kwamba vipande vikubwa vilivyotoka kabisa hupungua zaidi kuliko mtuno mdogo. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta kupungua huko kwa asilimia 96 ya vipande vilivyokatika, na asilimia 13 tu ya diski zilizotuna.

Mazoezi yanasaidia?

Mazoezi yenyewe yana historia ya ugomvi. Mwaka 1937 Paul Williams wa Dallas alifundisha kukunja mgongo: magoti kifuani, kiuno kibanwe sakafuni. Alidhani mpindo wa kiuno ndio unaoibana diski. Mwaka 1956, mjini Wellington, New Zealand, Robin McKenzie alimwambia mgonjwa wa sayatika alale kifudifudi kitandani, bila kujua kwamba upande wa kichwani ulikuwa umeachwa umeinuliwa. Mgonjwa akalala mgongo ukiwa umepinda kwa nyuma, mkao ambao siku hizo uliogopwa. McKenzie aliporudi, maumivu ya mguu yalikuwa yametoweka. Kutokana na tukio hilo aligundua kanuni inayofaa kukumbukwa: zoezi linaloyarudisha maumivu kutoka mguuni kuelekea mgongoni ni dalili njema, na linaloyasukuma kushuka zaidi mguuni liachwe.

Tafiti za baadaye hazikumpa ushindi kamili yeyote kati yao. Mwaka 2012 Hanne Albert na Claus Manniche wa Denmark walichapisha matokeo ya wagonjwa 181 wenye sayatika kali. Kundi moja lilipewa mazoezi yaliyochaguliwa kwa kufuata dalili za mgonjwa, jingine mazoezi mepesi yasiyohusu mgongo. Makundi yote yalipata nafuu kubwa, na la kwanza lilipata zaidi. Nao watafiti wa Uholanzi, mwaka 2007, walilinganisha upasuaji wa mapema na kusubiri kwa kufuatilia wagonjwa 283 waliokuwa wameumwa kwa wiki 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipona haraka zaidi. Katika kundi lililosubiri, asilimia 39 waliishia kupasuliwa. Mwaka ulipokwisha, asilimia 95 katika kila kundi walijiona wamepona.

Mazoezi basi hayairudishi diski ndani, na anayeahidi hivyo anauza ahadi tu. Kinachoiondoa ni mwili wenyewe, kwa muda wake. Kazi ya mazoezi ni kumweka mtu akijongea wakati mwili unafanya kazi hiyo: yanarudisha nguvu ya misuli, yanapunguza woga wa kuinama, na yanamzuia asigeuke mlemavu wa kitandani kwa jeraha ambalo lingepona. Siku za mwanzo kutembea kidogo kidogo kunatosha. Maumivu ya mguu yakitulia, mtaalamu wa fiziotherapia ataongeza kunyoosha na kujenga misuli ya tumbo, mgongo na matako. Hakuna zoezi moja lililothibitika kuyashinda mengine kwa kila mtu. Lililo bora ni lile ambalo mgonjwa analivumilia na kulirudia.

Kisu nacho bado kina mahali pake. Anayeshindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, anayepata ganzi sehemu za siri na kuzizunguka, au anayeona miguu ikidhoofika, asisubiri mazoezi wala dawa ya kuchua: akimbilie hospitali siku hiyo hiyo, maana kuchelewa kunaweza kumwacha na ulemavu wa kudumu. Na ambaye maumivu ya mguu yamemkalia miezi bila kupungua ana haki ya kuzungumza na daktari wa upasuaji. Wengine wote, ambao ndio wengi, wasiikubali picha ya MRI kama hukumu. Ukiwa na diski iliyochomoza na huna dalili hizo za hatari, muulize daktari maswali mawili kabla ya kukubali kisu: mshipa gani umebanwa, na nitapoteza nini nikisubiri huku nikitembea?